Sikujua Kuizima

Mwanza, Ijumaa alasiri

Kabula, mama yangu,

Utashangaa kukuta barua ya mtu mliyeagana naye asubuhi na ambaye kesho mchana mtakula naye tena. Wewe na mama yako mmekwenda Buswelu kumuaga bibi, mwenye jina lako, nami nimeachiwa kazi ya kulifunga sanduku lako kamba. Nimelifunga vizuri, fundo la kufungia ng'ombe, kama alivyonifundisha marehemu baba. Kisha nimelifungua tena, na sababu yake utaiona mbele. Barua nitaiweka juu ya nguo ili uisome ukishafika Tabora, au hata njiani, maana treni yetu unaijua, ikiamua kupumzika porini hakuna wa kuihimiza.

Habari za chandarua, maji ya kuchemsha na kutoazimisha kanga zako mama yako atazimaliza kesho stesheni, na zitakazobaki atazipigia kelele dirishani. Mimi nina jambo moja tu, na wala si ushauri.

Juzi ulinionyesha barua ya utambulisho aliyokuandikia Mkuu wa shule yetu, uipeleke huko unakokwenda kufundisha kompyuta. Karatasi nzima ni sifa, na sifa zote ni haki yako. Ila katikati ameweka sentensi moja: kwamba ulipokuwa kidato cha nne uliunguza kompyuta ya shule kwa uzembe, lakini tangu hapo umejirekebisha. Ukacheka. Ukasema, "Baba, si kaandika na mazuri? Hiyo moja haitaniua." Ukaikunja, ukaitia kwenye bahasha. Mimi nikajifanya natafuta miwani, na miwani ilikuwa usoni kwangu.

Aliyeiunguza kompyuta ile ni mimi, mwanangu. Miaka mitatu nimekuacha ubebe jina la mzembe, na kesho ulikuwa unapanda nalo treni kwenda kwa watu wasiokujua. Wanasema njia ya mwongo ni fupi. Yangu imekuwa ndefu, na sikusema uongo hata mmoja. Nilinyamaza tu.

Acha nianzie mbali kidogo, univumilie.

Kabla hujazaliwa mimi nilikuwa mwalimu wa kupiga chapa. Kila mwanafunzi wangu alikuwa na kitambaa. Alikifunga shingoni kama aproni, akakitandaza juu ya mashine, mikono ikaingia chini yake, ili vidole vijifunze njia bila msaada wa macho. Nami nilipita nyuma yao na rula. Herufi moja ikikosewa, karatasi ilichanwa na kazi kuanza upya. Nilijiona hodari. Wanafunzi wangu wamekuwa makarani wazuri, wengine wako ofisi kubwa Dar es Salaam, na wakinikuta njiani wananipa shikamoo huku vidole wameficha mfukoni. Nilikuwa nasimulia jambo hilo kwa kicheko, hadi siku wewe uliponiuliza, "Na wewe baba huwa unajisikiaje wakivificha?" Ulikuwa na miaka kumi na mbili. Nikakutuma sokoni.

Halafu dunia ikafunguka. Sisi tuliozoea kupanga foleni ya sabuni tukaamka maduka yamejaa, mitumba kila kona, televisheni kwenye sebule za watu, na kila televisheni imevikwa kitambaa cha kufuma kama bibi harusi. Ndipo marafiki wa shule wa ng'ambo wakatuletea kompyuta tano, za mtumba nazo. Mkuu akaniita. "Mwalimu Masanja," akasema, "herufi zake ni zile zile za mashine zako. Chumba hiki ni chako." Akanipa funguo.

Hapo nilitakiwa kusema, "Mkuu, sizijui hizi." Maneno matatu. Mficha uchi hazai, na mimi wangu niliuficha kwa milango miwili na kufuli. Nikaweka sheria. Viatu nje. Mikono ioshwe kwa sabuni. Aliyekula dagaa asiingie hadi kesho yake. Nikamwomba mama yako afume vitambaa vitano, akafuma vyeupe vyenye maua ya buluu pembeni, nikavitandika juu ya mashine na juu ya vitambaa nikaweka nailoni. Mama yako alipokuja kuona kazi ya mikono yake akasimama mlangoni, akaguna. "Masanja, hizi ni mashine au ni maiti zinazosubiri ndugu?"

Mwaka mzima, Kabula. Mwaka mzima nilifundisha kompyuta kwa chaki. Kompyuta ni mashine inayopokea habari, inazichambua, inatoa majibu. Mlinakili, mkafanya mtihani, mkapata alama nzuri, wewe ya kwanza. Hakuna aliyekuwa amegusa kitu. Mwalimu mwenyewe alikuwa hajagusa.

Wewe hukubishana nami. Ulikuja siku moja na uzi wa kufumia wa mama yako, ukasema, "Baba, niruhusu nipime tu, sibonyezi." Ukafunua pembe ya kitambaa, ukapima kibodi kwa uzi, urefu, upana, kila kitufe, ukipiga vifundo. Nilidhani ni mchezo. Wiki ile ile nikakuta nyuma ya madarasa, pale kwenye mawe makubwa, watoto kumi na wawili wa kidato cha kwanza wamekaa, kila mmoja na kibodi ya boksi la sabuni mapajani, herufi umechora kwa kalamu ya wino mzito. Nilijibanza kwenye dirisha la stoo nikisikiliza.

"Kidole kidogo nyumbani kwake ni kwenye A," ulikuwa unawaambia. "Kinaruhusiwa kutembea. Kiende Q, kiende Z, kisalimie, kirudi. Kisiporudi nyumbani mwenzake atapotea."

Na wakawa wanapapasa yale maboksi, wanataja herufi kwa sauti, wanacheka. Miaka yote ya kufundisha kupiga chapa sikuwahi kusikia darasa langu likicheka. Nilikuwa na rula mkononi, nakumbuka, na sikujua niifanye nini.

Ulinijia mara mbili. "Baba, wako tayari. Wafungulie." Mara mbili nikakukatalia. Mara ya tatu hukuja kwangu, ulikwenda kwa Mkuu na yale maboksi umeyajaza kikapu, ukampangia mezani. Akacheka hadi akavua miwani. Akaamuru chumba kifunguliwe kila Jumamosi asubuhi, wewe ufundishe na mimi nisimamie. Kusimamia kwenyewe kulikuwa kukaa mlangoni na daftari la saini.

Yule wa kwanza kuketi alikuwa Leticia, binti wa mama anayeanika dagaa kule Igombe. Alikuwa ameosha mikono mara tatu na bado aliinusa. Alikaa mbele ya kioo kama aliyeitwa na polisi.

"Ibonye," ukamwambia. "Haiumi."

"Nikikosea, dada?"

"Ukikosea unafuta. Inabaki siri yako na mashine."

Nilikuwa naandika majina, kalamu ikasimama. Mimi katika maisha yangu kosa lilikuwa karatasi iliyochanwa mbele ya watu. Sikuwa nimewahi kufikiri kwamba mtoto anaweza kukosea, akafuta, akaendelea, na dunia isianguke. Leticia akabonya. Herufi ikatokea, ya kijani, peke yake katikati ya giza la kioo, na yule mtoto akaruka kutoka kwenye kiti akaenda kujificha nyuma yako. Darasa zima likapiga vigelegele.

Jambo jingine niliona nikiwa pale mlangoni, na sijawahi kukuambia kwa sababu nilikuwa nakuonea wivu. Mtoto alipokwama hukumshikia mkono, wala hukumsogeza ukamfanyia. Uliifunga mikono yako nyuma, ukauma mdomo, ukangoja. Wakati mwingine ulingoja hadi mimi huku nataka kupiga kelele. Kisha mtoto anaipata, anageuka kukutazama, na wewe unakuwa umeshakwenda kwa mwingine. Nimeishi na walimu maisha yangu yote. Sijamwona mwingine mwenye uvumilivu huo, na wewe hukuurithi kwangu.

Sasa nifike kwenye Jumamosi ile.

Ulimaliza darasa saa sita. Ulizizima zote tano, ukatia saini, ukaenda sokoni kumsaidia mama yako. Mimi nikabaki. Nilitaka kujifunza, Kabula. Nilikuwa nimekusikiliza majuma mengi, nikajiambia mzee mzima siwezi kuwa ndiye pekee asiyejua katika chumba chenye jina langu mlangoni. Nikafunga mlango kwa ndani, nikaiwasha ya tatu, ile ya karibu na dirisha. Vidole vyangu vilijua njia. Niliandika jina langu, na jina la mama yako, na lako, nikakosea kwa makusudi, nikafuta, nikakosea tena, nikafuta. Mtu angenichungulia angeona mwalimu wa upigaji chapa anacheka peke yake. Ilikuwa saa nzuri sana, nakuambia kweli.

Mara wadudu wa ziwani wakaja. Unajua wanavyopanda kutoka majini, wingu zima. Wakaingia kwa nyufa za dirisha, wakakimbilia ile nuru ya kioo, wakajaa juu ya mashine na kuingia kwenye matundu yake. Nikashikwa na woga. Nilitaka kuizima nikagundua sijui. Nilikuwa nimekusikia ukiwakanya watoto wasichomoe waya ghafla, kwamba mashine inaweza kupoteza kila ilichobeba. Nikabonya hiki, nikabonya kile, ikanijibu kwa Kiingereza kitu nisichokielewa. Ningeweza kutuma mtoto akuite sokoni, ni mwendo wa dakika kumi. Sikukuita. Ningeanzaje, mimi mwenye funguo? Nikafanya ninachokijua. Nikachukua kitambaa cha mama yako, nikakikunja mara mbili, nikaifunika mashine ikiwa inawaka, juu yake nikatandika nailoni, nikafunga mlango. Nilisema nitarudi wadudu wakitulia.

Nikiwa getini nikakutana na habari ya msiba kule Usagara. Nikapanda gari na wenzangu, na huko nikasahau kabisa. Nilirudi Jumapili usiku.

Jumatatu nilifungua mapema peke yangu. Harufu ilinipokea mlangoni. Kitambaa kilikuwa na doa la kahawia upana wa sahani, na mashine imekufa. Nikakitoa, nikakisokomeza nyuma ya kabati la vitabu, nikaenda mstarini kama kawaida.

Yaliyofuata unayajua vizuri kuliko mimi, maana uliyabeba wewe. Mkuu akauliza nani alikuwa wa mwisho, daftari likaletwa, saini ya mwisho ni yako. Akakuita mbele ya shule nzima.

"Niliizima, Mkuu," ulisema.

"Basi ilijiwasha yenyewe?"

Ukanitazama, Kabula. Nilikuwa nimesimama na walimu wenzangu, hatua kama ishirini kutoka kwako, nikayatazama mawe ya nyuma ya madarasa. Kisha nikakusikia unasema, taratibu, "Labda nilisahau. Naomba msamaha."

Darasa likafungwa. Mimi niliambiwa nirudishe vitambaa juu ya nne zilizobaki, nikavirudisha. Siku zilivyokwenda nikajishawishi kwamba umeamini kweli kuwa ulisahau, kwamba mtoto husahau, kwamba yatapita. Wiki moja baadaye nilikwenda nyuma ya kabati kukichukua kile kitambaa nikakitupe ziwani. Hakikuwepo. Nikasema mfagizi amekichoma na takataka, nikashukuru. Mama yako alipouliza mbona vimebaki vinne, wewe ndiye uliyemjibu mezani, ukitafuna: "Cha tano nilikifanya kifutio cha ubao mama, kikaisha." Akakugombeza kwa kuharibu kazi yake. Na mimi nikala ugali wangu.

Ungesusa, hakuna ambaye angekulaumu. Wewe ulirudi kwenye mawe na maboksi yako. Miezi mitatu, minne, mvua ikinyesha mnahamia varanda ya jiko la shule. Na siku yule mgeni wa ng'ambo alipokuja kuona zawadi zao zinatumikaje, Mkuu akatokwa jasho, akauliza kama kuna mtoto yeyote anayeweza kitu. Leticia akainuka. Akaketi, akaandika ukurasa mzima macho yake yakimtazama mgeni usoni. Yule mgeni akauliza kajifunza kwenye mashine gani, na Leticia, kwa ukweli wake wa Igombe, akamletea boksi la sabuni. Wiki ile milango ikafunguliwa, na wewe, uliyekuwa umemaliza kidato cha nne na kukaa nyumbani, ukaitwa uwe mwalimu. Nilisimama mlangoni siku hiyo nikijua natazama mtu mkubwa kuliko mimi, na nikajivuna mbele za watu kana kwamba nimekutengeneza.

Leo asubuhi mlipoondoka tu nilikwenda kwa Mkuu. Nilikaa, nikasimama, nikakaa.

"Ile sentensi ya kompyuta iliyoungua," nikamwambia, "iondoe. Iliungua mikononi mwangu."

Aliweka kalamu chini. Nikamweleza yote, hadi wadudu.

"Miaka mitatu, Masanja. Kwa nini?"

"Sikujua kuizima."

"Nauliza kwa nini hukusema."

"Ni hilo hilo, Mkuu. Sikujua kuizima."

Hakunipigia kelele. Ningependa angepiga. Aliandika barua nyingine kwa mkono wake, akaigonga mhuri, akasema Jumatatu atawaeleza wanafunzi mstarini. Nikamwomba aniachie mimi. Kwa hiyo Jumatatu, wewe ukiwa Tabora unaonyeshwa chumba chako, mimi nitasimama pale pale ulipokuwa umesimama na kuwaambia watoto mimi ndiye. Naogopa kuliko nilivyowahi kuogopa. Lakini nitakwenda.

Nikitoka kwake nilipita kwenye chumba cha kompyuta. Leticia alikuwa anafagia, sasa yuko kidato cha nne, ana sauti kama yako. Nikamwambia, "Mwanangu, nifundishe kuizima." Hakucheka. Akaiwasha, akanikalisha, akafunga mikono nyuma. Nilikwama mara mbili na hakunisaidia, mtoto yule! Mara ya tatu kioo kikawa cheusi kwa mkono wangu mwenyewe. Ni kazi ya dakika moja, Kabula.

Basi nikarudi nyumbani na barua mpya, nikafungua sanduku ili nibadilishe iliyoko kwenye bahasha. Bahasha umeificha chini kabisa, nikalazimika kutoa nguo zote. Na chini ya bahasha nikakikuta. Kimefuliwa, kimepigwa pasi, kimekunjwa mara nne, maua ya buluu pembeni, na doa la kahawia katikati ambalo hakuna sabuni itakayoliondoa.

Nimekaa nacho mapajani hadi jua limehama dirishani. Kumbe ulijua. Ulijua tangu wiki ile ile, na ushahidi ulikuwa nao mkononi, na kila siku ukanipa shikamoo ukiwa na uso mkunjufu, ukaniwekea chai, ukaniita mwalimu mbele ya watoto. Hata juzi ulipoicheka sentensi ile ulikuwa unajua. Sijui kwa nini unakwenda nacho. Labda hukutaka mama yako akikute. Ulikuwa unanificha mimi, mama yangu, na mimi ndiye mzazi. Nimelia, nakuambia kama ilivyo, na sina haya tena.

Nisamehe. Nadhani ulishanisamehe zamani, ila nilikuwa sijaomba.

Barua ya zamani nimeichana. Mpya iko kwenye bahasha. Kitambaa nimekirudisha palepale ulipokiweka, kwa sababu ni chako. Nasikia huko Tabora kompyuta zao nane ziko kwenye maboksi mwaka wa pili sasa, watu wanaogopa kuzigusa. Utamkuta na huko mzee mmoja mwenye funguo. Mvumilie, mfundishe kuizima kwanza. Na kitambaa hiki usikitandike juu ya kitu chochote. Kifanye kifutio cha ubao, mpaka kiishe kabisa, ili lile neno ulilomwambia mama yako mezani liwe kweli.

Baba yako,
Masanja